Haina kanyagio la ambreyaji, lakini ambreyaji zake ni mbili



Katika vikundi vyetu mazungumzo ya piki-piki yameanza kugeuka kuwa mazungumzo ya motokari. Ni jambo jema. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua hawezi kulazwa juu ya piki-piki, dada yake akaketi kando akimshika mkono. Magunia ya mpunga nayo hayafiki soko moja moja bila hasara. Basi feza ya kirimba inahesabiwa, na kabla haijafika hata nusu, mwuzaji amekwisha kuleta picha katika simu: motokari ndogo, safi, imetoka Ujapani au Ulaya, tena ni otomatiki. Na neno lake la mwisho ni lile lile: "Hii ni ya wamama. Haina ambreyaji."

Juma hili tulipime neno hilo. Kwa motokari fulani si kweli hata kidogo. Kanyagio la kushoto halipo, ndiyo, lakini ndani mna ambreyaji mbili badala ya moja. Asiyejua habari yake anaweza kumaliza feza ya kikundi kizima katika masika moja.

Michi miwili katika kinu kimoja

Ambreyaji ni kitu gani? Ni sahani zinazokamatana na kuachana. Zikikamatana, nguvu ya motere inafika kwenye magurudumu. Zikiachana, motere inazunguka peke yake. Katika Land Cruiser ya zamani shofere anaziachanisha kwa mguu wa kushoto, anatia vitesi kwa mkono, kisha anazikamatanisha tena polepole. Kila mara anapofanya hivyo, motokari inakosa nguvu kwa kitambo kidogo.

Sasa fikirini mama anayetwanga peke yake. Anainua mchi, anaushusha, na katikati kinu kinakaa kimya. Wakija wawili, mmoja anashusha wakati mwenzake anainua, na kinu hakinyamazi. Bwati ya vitesi yenye ambreyaji mbili inafanya kazi namna hiyo. Ambreyaji ya kwanza inachunga vitesi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Ya pili inachunga ya 2, ya 4 na ya 6. Ukiwa unatembea katika vitesi ya 2, ile ya 3 imekwisha kutayarishwa upande wa pili. Saa ikifika, moja inaachia na nyingine inakamata, upesi kuliko kupepesa jicho. Anayeamua ni kompyuta ndogo iliyo katika bwati. Abiria hasikii mshtuko, na esansi inapungua. Ndiyo sababu viwanda viliipenda.

Kuna namna mbili. Katika ya kwanza, sahani zinakaa ndani ya mafuta, na mafuta yanaondoa moto wao. Katika ya pili, sahani ni kavu, na moto wao unaondolewa na hewa tu. Kavu ni nyepesi, inafaa motokari ndogo, lakini inachoka mapema ikisuguliwa sana. Shikeni jambo hili la moto, maana shida karibu yote inaanzia hapo.

Mtu aliyeichora mapema

Mwenye wazo hili anahesabiwa kuwa Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyelichora mwaka 1939. Vita ilikuja, naye akafa mwaka 1943 bila kuiona ikitengenezwa kwa wingi. Lakini mtu huyo huyo alijulikana kwanza kwa kazi nyingine: motokari zenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, ili zipite katika mchanga na matope. Motokari hizo za Citroën zilitoka Algeria mwaka 1924, zikapita katika Kongo yetu ya wakati wa Wabelgiji, na wasafiri wake wakafika Madagascar mwaka 1925.

Kwa hiyo fundi mmoja alichora mashine ya matope, akachora na bwati ya ambreyaji mbili, na hakuzichanganya. Kila njia ilipata chombo chake. Wazo lile la 1939 lilingoja hadi mwaka 2003 ndipo Volkswagen ikaanza kuliuza katika motokari za watu wa kawaida, kwa jina la DSG.

Hata kwenye lami imesumbua

Msifikiri kwamba shida ni ya Waafrika wasiojua kuendesha. Mwaka 2013 Volkswagen ililazimika kuita motokari zaidi ya 384,000 katika China zirudi kurekebishwa kwa ajili ya bwati hii. Katika Australia, mwaka 2018, korti iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za nchi hiyo kwa namna ilivyowatendea wanunuzi waliolalamikia bwati yao iitwayo PowerShift. Watu walikuwa wakilalamika kwamba motokari inatetemeka inapoanza kutembea, na kwamba inakosa nguvu njiani.

Ile inayotugusa sisi zaidi ni Honda Fit ya haibridi, yaani yenye motere ya esansi pamoja na motere ya umeme, maana motokari za mkono wa pili za Ujapani ndizo zinazojaa Afrika ya Mashariki na kusogea hadi kwetu. Fit hiyo ilitoka Ujapani mwezi wa 9 mwaka 2013, ikiwa na bwati ya vitesi 7 na ambreyaji mbili kavu. Katika muda wa mwaka mmoja hivi iliitwa mara 5 irudi kurekebishwa, na baadhi ya mara hizo ni kwa sababu ya programu inayoongoza bwati. Mwezi wa 10 mwaka 2014 wakubwa wa Honda wenyewe walikatwa mshahara. Mkuu wao, Takanobu Ito, alikatwa asilimia 20 kwa miezi 3. Fit mpya ya mwaka 2020 ilitoka bila ambreyaji mbili hizo.

Simwambii mtu kwamba motokari hizo ni takataka. Nyingi zilirekebishwa na zinatembea vizuri mijini. Lakini ikiwa wenye kiwanda, wenye lami na mafundi wao, wamepata taabu, sisi wa njia ya Kabambare tuulize mara mbili.

Njia yetu inaitaka nini

Tunaijua njia yetu. Kuna mashimo ya kupita polepole kama anayetafuta sindano. Kuna vilima vya udongo mwekundu ambavyo mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Kuna madaraja ya miti ambapo shofere anashuka kwanza kuangalia. Kuna kungoja, kusogea, kungoja tena, nyuma ya lori lililokwama.

Kutembea polepole kuliko mwendo wa mtu mguuni ndiko kunakoitesa ambreyaji. Kwa mwendo huo sahani hazikamatani kabisa wala haziachani kabisa, zinasuguana. Kwenye lami jambo hilo linachukua sekunde 2, kisha zinakamatana na kupoa. Kwenye matope linachukua dakika 10. Moto unapanda, kompyuta inaonya, na mwisho inakataa: motokari inasimama mahali hapo hapo, katikati ya kilima.

Yapo mambo mengine matatu ambayo mwuzaji hasemi.

La kwanza: batri ikikufa, motokari hii haiwaki kwa kusukumwa. Vijana 20 wakiisukuma hadi jioni, itakuwa bure, maana ambreyaji zake zinangoja amri ya kompyuta, na kompyuta haina umeme.

La pili: haivutwi kwa kamba mbali huku magurudumu yake ya mbele yakizunguka chini. Bwati inaweza kuharibika kwa kuvutwa tu. Inatakiwa kuinuliwa au kupakiwa juu ya lori.

La tatu: fundi wetu hodari, anayefungua bwati ya Hilux chini ya mwembe na kuifunga kabla ya jua kuchwa, hapa anahitaji kompyuta ya kuisoma na vyombo maalumu vya kufungulia ambreyaji. Si kosa lake. Kipande kitatoka mbali, na feza ya kukiagiza, pamoja na safari yake, inaweza kuwa kubwa kuliko kikundi kilivyopanga.

Ongezeni urefu kutoka chini. Ile Fit ya 2013 ina sentimeta 13 na nusu hivi kati ya tumbo lake na njia. Chukueni rula ya mtoto ya sentimeta 30: haifiki hata nusu. Halafu kumbukeni mawe ya njia yetu.

Namna ya kuijua kabla ya kulipa

Herufi P, R, N na D kwenye mkono wa vitesi hazisemi kitu. Ziko kwenye otomatiki za kila namna. Ulizeni hivi: "Bwati yake ni ya aina gani? Ina ambreyaji ngapi?" Akijibu kwamba otomatiki zote ni sawa, hajui anachouza, au anajua sana.

Majina yanasaidia. Volkswagen, Skoda na Seat wanaiita DSG. Audi wanaiita S tronic. Renault wanaiita EDC. Hyundai na Kia wanaiita DCT. Kwa Honda, angalieni Fit na Vezel za haibridi zilizoanza mwaka 2013. Fit ya miaka ile ile isiyo haibridi, iliyo otomatiki, kwa sura ni kama pacha, lakini bwati yake ni ya mkanda, haina ambreyaji mbili. Basi msinunue kwa sura. Toyota tunazoziona sana, kama Probox, Noah, RAV4 na Land Cruiser, hazina ambreyaji mbili.

Mkiijaribu, msikubali kuzunguka uwanja mara moja tu. Itembeeni nusu saa, hata ipate moto. Isimamisheni na kuiondoa mara 10. Pandisheni kilima polepole, mrudishe nyuma mkipanda. Ikitetemeka wakati wa kuanza, ikichelewa kukamata, ikitoa harufu ya kuungua, au tarakimu ya vitesi ikiwaka na kuzimika mbele ya shofere, shukuruni na mrudi nyumbani na feza yenu. Mwombe pia numero ya shasi, mtu wa mjini aitafute kwa kiwanda, mjue kama motokari ile iliitwa kurekebishwa na kama ilirekebishwa kweli.

Ikiwa mnayo tayari

Nyumba nyingine zimekwisha kuinunua, au ndugu ameileta kutoka Uvira au Bukavu. Msiwe na hofu. Inatunzika, ikiwa kila anayeishika anajua adabu yake.

Kwenye kilima, msiizuie isirudi nyuma kwa kukanyaga kanyagio la mwendo kidogo kidogo. Shikeni freni, au vuteni freni ya mkono. Mkitaka kuondoka, ondokeni kweli.

Nyuma ya lori linalosogea kidogo kidogo, ngojeni nafasi ifunguke, kisha mwende mita 20 kwa mara moja. Ni bora kuliko kusogea mita 1 mara 20.

Mkikwama katika matope, msizungushe magurudumu kwa nguvu. Zimeni motere, shukeni, chimbeni, wekeni majani na mbao. Jembe na ubao vikae ndani ya motokari siku zote.

Onyo la moto likiwaka, tafuteni mahali salama, simameni, tieni P na mngoje ipoe. Shofere mwenye haraka anaweza kugeuza mapumziko ya nusu saa kuwa motokari mfu.

Mkiteremka, tieni vitesi ya chini kwa mkono, ili motere isaidie freni.

Mkisimama mahali penye mteremko, mguu ukae juu ya freni, vuteni freni ya mkono kwanza, kisha tieni P. Funguo zitoke na mama, zisibaki na watoto wanaocheza ndani.

Kama ambreyaji zake zinakaa ndani ya mafuta, mafuta hayo yana jina lake na muda wake. Kwa DSG ya vitesi 6, kwa mfano, hubadilishwa kila kilometa 60,000. Mafuta ya motere ya sokoni hayaingii humo, hata mwenye duka akiapa. Na katika haibridi, nyaya za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa kuua. Mtoto asiziguse, na fundi asiyefundishwa asizifungue.

Hesabu ya ubaoni

Tufanye hesabu kama darasani. Wamama 20, kila mmoja akitoa dola 10 kwa mwezi, wanapata 200 kwa mwezi, 2,400 kwa mwaka, 4,800 kwa miaka 2. Mkinunua motokari ya dola 4,800, mmebaki na sifuri siku ile inapofika. Bwati ikikataa mwezi wa tatu, kikundi kitaanza kukopa, na ninyi mnajua ugomvi unaanzia wapi.

Nunueni motokari ya dola 3,600. Zile 1,200 zilizobaki ziandikwe katika daftari peke yake, kwa jina la matengenezo, na zisiguswe kwa arusi wala kwa kilio. Motokari yenye umri zaidi na ambreyaji moja, inayofunguliwa na fundi wa hapa hapa, itawafikisha hospitali. Ile nzuri iliyosimama chini ya mti ikingoja kipande haimfikishi mtu.

Hilo ndilo shauri langu kwa kikundi chenye motokari moja tu katika njia yetu: chukueni bwati ya mkono, ya mguu wa kushoto. Na wamama wajifunze. Yule anayesema ambreyaji ni ngumu kwa mwanamke hajamwona mama akipanda baiskeli na mtoto mgongoni, gunia nyuma, na mwavuli mkononi. Kujifunza kunachukua majuma machache, na motokari inabaki miaka.

Kwa wale wanaonunua na bwana nyumbani, neno moja. Tangu sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliyorekebisha Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye mkataba. Sheria inataka mume na mke wasikilizane kwa mikataba inayowafunga. Kusikilizana si kuletewa habari motokari ikiwa imekwisha kuegeshwa uani. Keti mezani wakati wa kuchagua, na uulize ulizo la bwati mbele ya wote, kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika.

Kazi ya kikundi

Katika mkutano ujao, mwandishi wa kikundi aandike maulizo haya, na mwuzaji ye yote ayajibu kabla ya kuona feza:

1. Bwati ni ya aina gani, na ina ambreyaji ngapi?
2. Nani, kati ya Kasongo na Kabambare, anaweza kuifungua na kuifunga?
3. Batri ikikufa njiani, tutaiwasha namna gani?
4. Kutoka chini hadi tumbo lake ni sentimeta ngapi?
5. Tukilipa, tutabaki na kiasi gani kwa matengenezo?

Asipoweza kujibu la 1 na la 2, msimtukane. Mwambieni arudi akiisha kuuliza.

Juma lijalo tutazungumza juu ya daftari la kirimba: nani analiandika, nani analisoma, na kwa nini watu hao wasiwe mtu mmoja. Mbaki na amani nyumbani kwenu.